Shingo yenye vipele na mashine ya wembe mmoja: jibu kwa aliyejikata siku ya kwanza

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una miaka 24, kila ukinyoa shingo inajaa vipele, mtu akakwambia mashine ya chuma ya kuweka wembe ndiyo dawa. Ukanunua, siku ya kwanza ukajikata sehemu tatu, vipele vikazidi. Unauliza uendelee au uachane nayo.

Endelea, lakini si wiki hii. Shingo uliyoieleza inatakiwa ipumzike. Mimi niliambiwa na daktari wa ngozi nisiguse wembe kwa mwezi mzima, mpaka vile vya usaha vikauke na nywele zilizonasa ndani zichomoze zenyewe. Kama una makovu yanayovimba na kuwa magumu, au kwenu kuna watu wa kovu la namna hiyo, muone daktari wa ngozi kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Nimepita huko huko. Kazi yangu ya kwanza Dar ilikuwa ulinzi, na kiongozi wa zamu alikuwa anapitisha kiganja mashavuni mwetu kila asubuhi. Kwa hiyo nilinyoa kila siku, kwa nyembe za plastiki za kutupa, nikikandamiza na kurudia pale pale mpaka ngozi iteleze. Miaka miwili hivyo. Shingo ikawa nyeusi, ina vinundu, kola ya sare ikigusa inauma. Nikaamini nina ngozi mbovu.

Ngozi haikuwa na kosa. Ndevu zetu wengi zinajikunja tangu ndani ya ngozi. Ukiukata unywele chini sana, ncha yake inabaki kali kama mkuki, na ukianza kuota unajipinda na kuchoma ngozi upya, au unashindwa kutoka kabisa. Mwili unauona ni mwiba na unaupiga vita. Hicho ndicho kipele. Mashine za nyembe mbili, tatu au tano ndizo hodari wa kukata chini namna hiyo: wembe wa kwanza unauvuta unywele juu, wa pili unaukata kabla haujarudi, ukirudi unazama chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka ni raha. Kwetu ni kupanda miba.

Wembe mmoja mwembamba wenye makali pande mbili, huo unaowekwa kwenye mashine yako, ulikuwepo kabla ya hayo yote. King C. Gillette, Mmarekani, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1904, na jeshi la Marekani likawapa askari wake mashine hizo Vita Kuu ya Kwanza. Mashine ya nyembe mbili zilizopangwa pamoja ilikuja kuingia sokoni kwa nguvu mwaka 1971. Nalitaja hili kwa sababu wengi wanadhani chombo hiki ni ushamba uliopitwa na wakati, au kwa upande mwingine ni muujiza. Ni kipande cha chuma kinachokata mara moja tu kila kinapopita, basi. Ukikikandamiza kitakuumiza kuliko plastiki, kama ulivyoona.

Aliyenifundisha ni baba mkubwa wangu, mstaafu wa reli, Tabora. Nilikwenda likizo shingo ikiwa imeharibika, akaiangalia, hakusema neno. Asubuhi akaniita uani. Alikuwa na kikombe cha bati, brashi iliyochakaa, kioo kimetundikwa kwenye msumari, na mashine yake ya vipande vitatu: kipini, kibati cha chini na kifuniko. Akaninawisha uso kwa maji ya moto kama mtoto, akanipaka povu, akanipa mashine akisema, "Mwanangu, shika mwisho wa kipini kwa vidole vitatu. Usiisukume. Ibebe tu, uzito wake unatosha." Nikabonyeza kwa mazoea. Akanigonga mkono. Mara ya tatu ndiyo nikausikia ule mlio, mkwaruzo mdogo mkavu kama mtu anayekuna karatasi. Ukiusikia huo ujue pembe ni sahihi. Mlio ukinyamaza, umelaza au umeinua kichwa cha mashine kupita kiasi.

Pembe yenyewe ni kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, ila hakuna anayepima uso kwa kipimapembe. Weka kifuniko cha juu kiguse shavu huku kipini kikiwa kimetoka nje moja kwa moja, kisha shusha kipini taratibu mpaka wembe uanze kukamata. Hapo hapo. Vuta kidogo, sentimita mbili tatu, suuza, vuta tena.

Sasa jambo ambalo nina hakika hukulifanya, maana hukulitaja: kusoma ndevu zako. Siku ya tatu au ya nne bila kunyoa, pitisha vidole shingoni kila upande. Upande unaoteleza ndiko ndevu zinakolala, upande unaokwaruza ni kinyume. Mashavuni karibu watu wote zinashuka chini. Shingoni kila mtu na lwake. Mimi chini ya taya la kushoto zinalala kuelekea sikioni, na chini ya kikoromeo zinapanda juu. Miaka yote nilikuwa navuta wembe kutoka chini kwenda juu shingo nzima, yaani nusu yake nakwenda kinyume bila kujua. Chora kwenye karatasi, ibandike karibu na kioo.

Halafu nyoa kufuata ndevu, mara moja. Palipobaki pengi, paka povu tena upite kwa ubavu, yaani kukatiza. Kupinga ndevu shingoni usijaribu, leo wala mwakani. Wala usiivute ngozi kwa mkono wa pili ili ikaze, maana ndiyo njia nyingine ya kuukata unywele chini ya ngozi. Ukimaliza ukipapasa utasikia vijiti vidogo sana. Viache. Unywele unaochungulia nje hauwezi kukuchoma kwa ndani. Najua utatamani kurudia, maana tumezoeshwa kuamini kunyoa vizuri ni kung'aa kama kioo. Mtu aliye mita moja kutoka kwako hatakiona hicho kijiti, lakini vipele ataviona.

Maji na povu vina kazi kubwa kuliko mashine. Nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu usoni dakika mbili tatu, unywele ulainike. Kama uko Dar na mnatumia maji ya kisima, hapo kuna tatizo ambalo wanaoandika mambo haya Ulaya hawalitaji hivyo: yale maji ya chumvi hayakubali povu. Nilitupa sabuni nzuri nikidhani ni feki, kumbe ni maji. Weka pembeni kikombe kimoja cha maji ya mvua au ya chupa kwa ajili ya povu tu, kuoga oga na hayo hayo ya kisima. Sabuni ya kuogea inakausha na povu lake linakufa haraka. Tafuta krimu ya kunyolea ya tyubu au sabuni yake ya kijiti, zungusha brashi mpaka povu liwe zito na laini kama mtindi, lisiwe na mapovu makubwa ya kufulia. Brashi si lazima iwe ya bei. Kwa ndugu zangu Waislamu, ulizeni kabla ya kununua, maana nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa manyoya ya nguruwe. Zipo za nyuzi za kutengenezwa kiwandani, hukauka haraka, na mimi ndizo ninazotumia.

Nyembe. Usianze na zile za Kijapani za Feather hata ukisifiwa kiasi gani, ni kali mno kwa mkono ambao haujatulia. Wembe wa kawaida wa dukani kwa Mangi unatosha kujifunzia. Mimi nanunua kwa shilingi 100 au 200 mmoja, na kwa ndevu zangu ngumu unanipa mara tatu, mara nne nikiwa na bahati. Ukianza kuvuta badala ya kukata, tupa siku hiyo hiyo. Kubana pesa kwenye wembe wa shilingi 200 ndiko kunakorudisha vipele. Unapouweka, ushike kwa ncha zile fupi zisizo na makali, na kaza kipini mpaka mwisho. Wembe uliolegea kidogo tu hukaa upande, na huenda ndiyo sababu ya mojawapo ya majeraha yako.

Baada ya hapo maji ya baridi, kisha shabu. Ndiyo, shabu ile ile ya kusafishia maji. Lowesha kipande, pitisha taratibu, acha dakika moja, suuza. Inabana ngozi na kuzuia damu ya mikato midogo. Pia inakwambia ukweli: panapowasha sana ndipo ulipokandamiza. Spiriti ya vinyozi niliiacha zamani, inakausha ngozi ambayo tayari imekwaruzwa.

Unywele ukinasa, usiufukue kwa sindano wala pini. Ukiona umejikunja juu juu kama kitanzi, uinue tu ncha itoke, usiung'oe. Mimi nilifukua, na alama mbili ninazo mpaka leo chini ya taya.

Na wembe wako ni wako peke yako. Si wa kaka, si wa mwenzako wa chumba, hata kwa siku moja. Homa ya ini na VVU hupita kwenye damu usiyoiona. Ukienda kwa kinyozi, afungue wembe mpya mbele ya macho yako.

Wiki hii ikishapita, anza Jumamosi moja, siku ambayo huna haraka, mashavu peke yake, wiki mbili za mwanzo. Shingo ije ikishapona na mkono ukishazoea. Nyembe zilizokwisha usizitupe kwenye pipa hivi hivi, wapo watoto na wapo wanaochambua taka kwa mikono. Baba mkubwa alitoboa mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, tundu jembamba la kupitisha wembe, akaugundisha mfuniko usifunguke. Kopo langu lina miaka sita sasa na bado halijajaa.