Nilivyolisingizia lori la mchanga

Kwetu Kivule, Dar es Salaam, kiangazi kikishika, hakuna anayehitaji kuelezwa vumbi ni nini. Nguo ukizianua unazikung'uta kwanza. Meza ya sebuleni ukiifuta asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Malori ya mchanga yanapita toka alfajiri, na kila likipita moja nyumba zote za kando ya barabara zinapotea kwa dakika nzima. Kwa hiyo mtoto wangu wa pili alipoanza kubanwa na kifua, na daktari akasema ni pumu, sikuwa na haja ya kumtafuta mchawi. Mchawi alikuwa na magurudumu kumi.

Nilitaka ushahidi tu, niende nao serikali ya mtaa. Nikajenga kifaa cha kupimia vumbi. Nayaandika haya kwa sababu naona watu wengi siku hizi wananunua vifaa hivi, na makosa niliyoyafanya mimi ni rahisi sana kuyarudia.

Kwanza kifaa chenyewe. Nilifuata maelekezo ya Sensor.Community, mradi wa wananchi ulioanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015, ambapo watu hujitengenezea vifaa na kurusha vipimo kwenye ramani moja ya dunia. Unahitaji kihisi cha vumbi (mafundi wa magari wanasema "sensa", si ile ya kuhesabu watu), kwangu ilikuwa SDS011. Bodi ndogo yenye Wi-Fi. Kihisi cha joto na unyevu. Na nyumba ya kuvikinga na mvua, ambayo ni elbo mbili tu za bomba la maji taka zilizochomekwa pamoja. Fundi bomba aliyeniuzia aliniuliza choo kiko wapi.

Ndani ya kihisi kuna feni ndogo inayovuta hewa, na mwanga wa leza unaoikata hiyo hewa. Chembe ikipita kwenye mwanga inameta, kama vile unavyoliona vumbi kwenye mwali wa jua unaopenya dirishani. Jicho la kielektroniki linahesabu kumeta huko, kisha programu inakadiria uzito. Nasema inakadiria, kwa kuwa kifaa hakipimi uzito wa kitu chochote. Kwenye vituo rasmi vya kupimia, njia ya msingi ni kuvuta hewa kupitia kichujio kwa saa 24, na kichujio hicho hupimwa kwenye mizani kabla na baada. Chetu sisi kinaangalia mwanga na kubahatisha kwa akili.

Namba unayoitafuta zaidi ni PM2.5, yaani chembe zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele mmoja una kama mikromita 70, kwa hiyo chembe hizi zinaweza kujipanga karibu 30 kuukatiza. Udogo huo ndio ubaya wake, maana pua na koo haviwezi kuzizuia, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilipitia upya viwango vyake mwaka 2021: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Shika sana hilo neno wastani. Ukikaanga samaki namba ikapanda hadi 200 kwa dakika kumi, hujavunja kiwango cha siku. Pia usichanganye mikrogramu na ile namba yenye rangi inayoonyeshwa na programu nyingi za simu. Hiyo ni alama ya ubora wa hewa, na ina hesabu yake. Kwa mfumo wa Marekani, alama 100 ni mikrogramu 35.4 tu za PM2.5. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu aliwahi kuturushia picha ya alama 100 akidai tumezidi kiwango mara ishirini. Tulibishana siku mbili, na nusu yetu hatukuwa tunazungumzia kitu kimoja.

Basi nikakifunga kifaa nje, ukutani, chini ya dirisha la chumba cha watoto. Wiki mbili nikakiacha. Nilipopakua data nikaona kilima kizuri kila siku, kinaanza kupanda saa kumi na moja jioni. Moyo ukaruka. Saa kumi na moja ndiyo malori yanarudi kwa mkupuo! Nikachapisha grafu kwa rangi, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akanisikiliza kwa heshima, akaniambia, "Kijana, niachie hii karatasi nitaifanyia kazi."

Siku ya tatu nikiwa nayaangalia mafaili tena, nikagundua muda ulioandikwa mle ni muda wa kimataifa, ule wa UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ile 17:00 niliyoisoma kama saa kumi na moja jioni ilikuwa saa mbili usiku. Saa mbili usiku barabara yetu haina hata bodaboda.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda wa kusoma zaidi chukua huu: kabla hujaamini grafu yoyote, fanya jambo unalolijua kwa saa unayoijua. Washa kiberiti karibu na kifaa saa sita kamili mchana, halafu tafuta kilima hicho kimeandikwa saa ngapi. Ni jaribio la senti tano, na lingeniokoa ile safari ya kurudi kwa mwenyekiti kumwomba karatasi yangu.

Sasa swali likawa: saa mbili usiku kuna nini? Nikanunua daftari. Kila jioni nikawa naandika: saa kumi na mbili na nusu majirani wanawasha mkaa, saa moja mtu wa nyuma anachoma taka, na plastiki humo humo, saa moja na nusu tunafunga madirisha, tunawasha dawa ya mbu. Baada ya wiki moja daftari lilikuwa na thamani kuliko kifaa. Namba bila daftari ni kama kipimajoto kilichookotwa njiani, unajua kuna homa lakini humjui mgonjwa.

Nikakihamishia ndani, chumba cha watoto. Mchana namba ilicheza kati ya 12 na 20. Alhamisi jioni mama yangu akafukiza ubani, kama alivyofanya maisha yake yote, na namba ikapaa. Nikajikaza nikamwendea.

"Mama, naomba ubani tuwe tunafukizia barazani, kwa ajili ya kifua cha mtoto."

Akanitazama kwa muda. "Ubani nimefukiza miaka sitini, ninyi wote mmekua ndani yake. Hiyo dawa yako ya mbu unayomwashia mwanao chini ya kitanda kila usiku, hiyo mashine yako haiioni?"

Ilikuwa inaiona. Mimi ndiye nilikuwa siangalii. Ubani ulipandisha namba kwa nusu saa mara moja kwa wiki. Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mviringo, iliipandisha kupita 300 na kuishikilia huko mpaka alfajiri, usiku hadi usiku, milango imefungwa, mtoto amelala sentimita arobaini kutoka kwenye moshi. Baadaye nikasoma kwamba watafiti waliopima dawa za namna hii zinazouzwa China na Malaysia, matokeo yakachapishwa 2003, walikuta kipande kimoja kikiungua chote kinatoa uzito wa PM2.5 sawa na sigara 75 hadi 137. Mimi sijawahi kuvuta sigara hata moja ndani ya nyumba hiyo.

Tukarudi kwenye chandarua chenye dawa, tukaziba matundu ya wavu wa madirisha, na mama akahamia barazani na chetezo chake bila kuombwa tena. Sitadai kwamba mtoto amepona. Bado anatumia dawa yake ya kuvuta kama daktari alivyopanga, na kifaa cha vumbi si daktari. Ila zile safari za kukimbizana hospitali usiku zimepungua.

Kwa hiyo lori halina kosa? Nilidhani hivyo, tena nikaanza kujigamba kwa watu kwamba vumbi la barabarani ni kelele tu. Hapo nikakosea mara ya pili. Siku moja nilikuwa nimesimama kando ya kifaa nje, lori likapita, tukafunikwa wote wawili, mimi na kifaa. Nilikohoa mpaka machozi. Namba ilisogea kidogo mno. Kifaa kinaandika PM10 pia, zile chembe kubwa zaidi, lakini wataalamu waliovijaribu vihisi hivi maabara wamekuta chembe kubwa havizioni vizuri. Ni nzito, feni ile ndogo haina nguvu ya kuzipinda ziingie kwenye mrija, na kwa idadi ni chache ukilinganisha na za moshi. Kifaa changu ni hodari wa moshi, ila kwa udongo ni nusu kipofu. Ukiishi kando ya machimbo, kiwanda cha kokoto au barabara ya vumbi, usimruhusu mtu akuletee kihisi cha aina hii kisha akuambie hewa yenu ni safi.

Kuna kosa la kinyume pia, hasa kwetu pwani. Unyevu ukipita kama asilimia 80, chembe zinanyonya maji na kuvimba, na kihisi kinahesabu maji kama vumbi. Vituo rasmi hupasha hewa joto ikauke kwanza. Chetu hakifanyi hivyo. Alfajiri za masika kifaa changu huwa kinalia kama nyumba inaungua, kumbe ni umande. Ndiyo maana kile kihisi cha unyevu si pambo. Namba zilizopatikana kwenye unyevu mkubwa ninazipigia mstari na siamui jambo kwa kuzitegemea.

Mengine kwa haraka. Kifunge kwenye kimo cha pua ya mtu, mbali na dirisha la jiko na bomba la moshi. Kile changu chini ya dirisha la chumba kilikuwa kinanusa nyumba yangu mwenyewe. Leza ya SDS011 ina maisha ya kama saa 8,000, yaani ukiiacha inawaka muda wote haimalizi mwaka. Iwekee ratiba ya kuwaka na kuzima. Ukiweza, kifunge pamoja na kifaa cha mwenzako kwenye ukuta mmoja kwa wiki nzima muone kama vinasema lugha moja. Na umeme ukikatika, usijaze pengo kwa kukisia, kwa sababu usiku wa giza ndio watu wanawasha jenereta na vibatari, yaani data inapotea saa ileile unayoihitaji. Pawabenki ndogo inatosha.

Kabla ya kununua chochote, angalia kama jirani yako hana kituo tayari. AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza 2015, imeweka vifaa vyake katika miji kadhaa ya Afrika na vipimo viko wazi. Kenya kuna sensors.AFRICA ya Code for Africa. Wale waliozoea kuangalia vipimo vya balozi za Marekani, wajue serikali ya Marekani iliacha kuvirusha hadharani Machi 2025.

Nirudi kwa lori. Kama leza hailioni, nilihitaji kitu kinacholiona, na kitu hicho kikawa ndoo. Unaweka ndoo yenye maji kidogo juu ya stendi, unaiacha siku 30, vumbi linaangukia humo na kunasa. Mimi niliweka mbili, moja ukuta wa barabarani na nyingine nyuma ya nyumba, na nikatia jiki kidogo kila wiki, maana ingekuwa aibu kufuga mbu baada ya yote yale. Mwisho wa mwezi unaondoa majani na wadudu, unachuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa uliyoipima kabla ikiwa kavu, unaikausha, unaipima tena. Mizani ya jikoni haifai. Niliazima ya sonara.

Mdomo wa ndoo yangu una upana wa sentimita 28, sawa na eneo la mita za mraba 0.0616. Ya barabarani ilitoa gramu 1.6, ya nyuma 0.5. Gawanya kwa eneo, gawanya kwa siku 30: ya mbele ni karibu miligramu 866 kwa mita ya mraba kwa siku, ya nyuma 271. Nilitafuta cha kulinganisha nayo, nikapata kanuni za vumbi za Afrika Kusini za 2013, ambako maeneo ya makazi hayatakiwi kufika 600. Sheria ya huko haitufungi sisi, lakini angalau nilikuwa na kipimo cha mtu mwingine badala ya hasira zangu.

Nikarudi kwa mwenyekiti mara ya tatu. Grafu niliiacha nyumbani. Nilibeba vikaratasi viwili vya kahawa kwenye mfuko wa plastiki, kimoja chekundu kama tofali, kingine rangi ya chai ya maziwa. Akavigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, akanusa kimoja, sijui kwa nini.

"Hiki ndicho tunachovuta?"

"Hiki ndicho kinachotuangukia, Mwenyekiti. Tunachovuta ni chembe ndogo kuliko hizi."

Akaniambia wenye malori wana kikao naye Jumamosi, kuhusu maturubai na kumwagia maji barabara, na akaomba vikaratasi vibaki kwake. Kisha akaniuliza kama ninazo ndoo nyingine, kwa sababu nyumba yake nayo iko kando ya barabara, na mke wake ana jambo anataka kulithibitisha.