Adapta ya ruta imeingia kwenye bodi: niwashe?

SWALI: Mhariri, natumai u mzima. Nimeazimwa bodi ya majaribio ya prosesa, BeagleBone Black (kompyuta ndogo isiyo na kasha), lakini haikuja na adapta. Ya ruta ya nyumbani, volti 12, kichwa chake kinaingia barabara. Niitumie? Nataka pia kuiunganisha na sensa ya maji ya tangi inayotoa volti 0 hadi 5. – Msomaji, Tudor

JIBU: Usiwashe, ndugu. Kichwa kile cha milimita 5.5 kwa nje na 2.1 kwa ndani hutengenezwa kwa adapta za volti 5, 9 na 12, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Bodi yako yataka volti 5 za DC (umeme wa mkondo mmoja), chanya ikiwa katikati, na adapta ya angalau ampea 1. Tafuta ya ampea 2 ukiweza. Ampea zikizidi hakuna neno, kwani bodi huchukua inazozihitaji tu. Volti zikizidi ndizo zinazoua. Tena pini 5 na 6 za P9, mojawapo ya safu mbili za matundu ya kuchomekea waya pembeni mwa bodi, zinatoka moja kwa moja kwenye tundu la umeme, kwa hivyo volti 12 zitakifikia kila ulichochomeka hapo.

Hata ukinunua ya volti 5, usiamini kibandiko. Ichomeke ukutani peke yake, weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye DC, waya mweusi uguse nje ya kichwa cha adapta na mwekundu uingie katika tundu la kichwa hicho. Ukisoma 5.0 hadi 5.2, sawa. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, chanya na hasi zimegeuzwa. Ukisoma 7 au 8, hiyo ni adapta ya zamani ya transfoma isiyodhibiti volti, iweke kando.

Mara ya kwanza washa bodi ikiwa tupu, juu ya mbao kavu au plastiki. Ile mifuko ya rangi ya fedha bodi zinamokuja ndani huweza kupitisha umeme, na wengi wamepiga shoti kwa kuilaza bodi juu yake. Mambo yakiwa sawa, taa ya bluu ya umeme itawaka na kubaki, kisha moja ya zile taa nne ndogo itaanza kupiga mara mbili mbili kama moyo.

Sasa sensa, na hapa ndipo bodi nyingi hufia. Pini za kawaida hustahimili volti 3.3, lakini zile za kupimia analogi, yaani volti zinazopanda na kushuka kidogo kidogo, mwisho wake ni 1.8. Volti 5 za sensa yako zipunguze kwa rezista (vipingamizi vya umeme) mbili: ya kilo-ohm 20 itoke kwenye sensa hadi pini 39 ya P9, na ya kilo-ohm 10 itoke pini hiyo hiyo hadi pini 34, ambayo ni hasi ya analogi. Hasi ya sensa nayo ifike pini 34. Volti 5 zitafika prosesani zikiwa takriban 1.67. Zipime kwa multimita kabla ya kuchomeka waya wa pini 39. Sensa iwe na swichi yake: iwashwe baada ya bodi, izimwe kabla yake. Volti zikiingia kwenye pini wakati prosesa haina umeme, hupenya kinyume na kuiunguza.

SWALI: Bodi kama hiyo, taa ya bluu inawaka mara moja halafu inazima. Nayo stima huku ikipotea ghafla, inakataa kuanza. – Msomaji, Likoni

JIBU: Taa kuwaka na kuzima ni chipu ya umeme kuona kasoro na kufunga. Chomoa kila kitu, badilisha adapta na waya wake, ujaribu tena. Ikirudia, zikague pini kwa mwanga mkali: hewa ya chumvi ya pwani huacha ukungu wa kijani unaounganisha pini mbili. Usafishe kwa brashi laini na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, bodi ikiwa imezimwa, uiache ikauke kabisa. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Kukataa kuanza baada ya stima kupotea mara nyingi ni mafaili yaliyokatizwa yakiandikwa. Utalazimika kupakia upya mfumo kupitia kadi ya microSD. Ukizima mwenyewe, bonyeza kitufe cha umeme mara moja, subiri taa zote zife, ndipo uchomoe. Ukitaka kutumia betri ya sola ya volti 12, weka moduli ya kushusha volti, na kiskurubu chake ukirekebishe hadi 5.1 kabla bodi haijaunganishwa. Moduli hizo huuzwa bila kupangwa, na nyingine hutoa volti zote 12 unapoiwasha mara ya kwanza.