Nikitia nyeupe kwenye nyekundu inanigeukia pinki, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi nachonga visanamu vya mbao, virefu kama kidole cha kati, vya wamama wamevaa gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda lenye mabega yaliyochongoka, nawauzia watalii hapa Kayabwe, Uganda, kwenye mstari wa ikweta. Gomesi za buluu na kijani hazinisumbui, natia nyeupe kidogo kwenye rangi, napaka juu ya mikunjo, nguo inaonekana imepigwa na jua. Ila nyekundu ikiguswa na nyeupe inakuwa pinki, binti yangu ananicheka eti mama zangu wamevaa bablish. Nimejaribu manjano, haifuniki kitu. Nichanganye nini, na kwa kipimo gani?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na binti yako yuko sawa. Ukiitia buluu nyeupe, jicho bado linasema ni buluu tu iliyopauka kidogo, lakini nyekundu iliyopauka ina jina lake kabisa, jicho linaona nguo nyingine. Halafu nyeupe inaipoza nyekundu, joto lote linakwisha, inabaki kama chokaa.

Nyekundu tunaipandisha mwanga kwa rangi ya chungwa. Matone 3 ya nyekundu kwa 1 la chungwa, hiyo paka mgongo wote wa mkunjo. Ikikauka, nusu kwa nusu, paka kamstari kembamba tu katikati ya ile ya kwanza. Mwisho kabisa chungwa 2 na krimu 1 (au ile rangi unayopakia ngozi ya mtu mweupe, inafaa sana), na hiyo ni ya nukta mbili tatu, zile ncha za mabega ya gomesi na pale kitambaala, ule mshipi wa kiunoni, kinapofungwa, basi. Ukiisambaza umeharibu.

Kama huna chungwa, weka manjano kwanza kwenye sahani ndo uongeze nyekundu kidogokidogo kwa ncha ya brashi, usianze na nyekundu manake inaimeza manjano utamaliza kopo zima hujafika. Na angalia nyekundu yako ni ya aina gani, kuna ya nyanya na kuna ya bitiruti. Ya bitiruti imeelekea zambarau, ukiichanganya na manjano inakuja kama matope na hakuna fundi wa kuiokoa, tafuta ya nyanya.

Manjano kutofunika si kosa lako, nyingi ndivyo zilivyo, mwanga unapita mpaka chini. Ila udhaifu huo una kazi yake. Mkunjo ukigoma kabisa, upake krimu tupu, usiogope ukionekana vibaya, uache ukauke vizuri, kisha chukua nyekundu uliyoilegeza na maji mpaka iwe kama chai ya rangi, pangusa brashi kwenye tishu, pitisha mara moja juu ya nguo yote. Krimu inang'aa kutokea chini na ile mipaka migumu inalainika. Ukiona hafifu rudia, lakini kikauke kwanza, ukigusa kikiwa kibichi kinachubuka.

Sa nikwambie kitu hujaniuliza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko hiyo michanganyiko yote. Nadhani unaanza na nyekundu kali mwili mzima halafu unatafuta kitu cheupe zaidi yake, ndo maana unakwama. Anza na damu ya mzee. Nyekundu na kahawia, au nyekundu na tone la kijani, kijani inaizimisha vizuri kuliko nyeusi. Paka nguo yote hiyo, kisha nyekundu yako safi ipake kila mahali isipokuwa ndani ya mikunjo na chini ya kitambaala. Weka chini, sogea hatua mbili utazame. Ile nyekundu yenyewe tayari inawaka, na chungwa utahitaji kidogo sana. Siku hizi nusu ya visanamu vyangu sifiki hata kwenye krimu.

Mbao zinakunywa rangi, kwa hiyo piga praima kwanza (ile rangi ya chini ya kuziba mbao), ya kijivu au ya kahawia, na nyekundu ipake nyepesi mara mbili au tatu badala ya koti moja zito linalojaza mikunjo uliyoihangaikia na kisu.

Kingine, kama rangi yako ni akriliki, hii ya kulegezwa na maji, ikikauka inazama kidogo, inakuwa nzito kuliko ulivyoiona kwenye sahani. Jaribu kwenye kipande cha mbao ulichokwisha kukipaka nyekundu, sio kwenye karatasi nyeupe. Na fanya mchana! Mimi niliwahi kumaliza oda usiku chini ya balbu ya manjano, chini ya taa ile nyekundu na chungwa zinafanana kama mapacha, nikawa naongeza tu chungwa nione tofauti, asubuhi nikakuta nimepaka kikapu cha machungwa. Nilirudia yote.

Varnishi tumia isiyong'aa, inayong'aa inajitengenezea mwanga wake popote na kazi yako yote haionekani. Na mchanganyiko wa nusu kwa nusu changanya wa kutosha visanamu vyote kwa mara moja, hifadhi kwenye kichupa kinachofunga vizuri, manake kuupata tena uleule ni shida. Hao waliovaa bablish usiwakwangue, wauze tu, gomesi za pinki mbona tunaziona kila harusi.