Upinde wa Pauni 42 na Kulungu Niliyempoteza

Jumatatu asubuhi nimetoka kazi ya usiku, miguu inauma, nikakuta ujumbe wa dada mmoja anayeishi Wisconsin, huku Marekani. Mumewe amemnunulia upinde wa roda, kuuvuta kunahitaji nguvu ya pauni 38, na kijana wa dukani amemwuzia vigumba (vichwa vya mshale) vya kufunguka, vile ambavyo mabawa yake yanajikunja hewani halafu yanatanuka yakigusa mnyama. Upana inchi mbili. Anauliza, "Dada, hivi vitanifaa?"

Nilicheka, kisha kicheko kikakata. Miaka minne iliyopita nilisimama mbele ya kaunta kama hiyo. Duka lilikuwa jingine lakini maneno yalikuwa hayo hayo: mama, upinde wako ni mwepesi, kwa hiyo unahitaji kigumba kinachofungua tundu kubwa.

Kwa wageni: mimi ni mtu wa Kitui, naishi Minnesota, na bega langu la kulia liliharibika kwa kuinua wagonjwa vitandani. Mikono yangu mifupi pia, navuta inchi 26 tu. Pauni 42 ndizo ninazoweza kuvuta polepole nikiwa nimekaa juu ya dungu, vidole vimekufa kwa baridi. Sheria ya hapa inataka pauni 30 kwenda juu, kwa hiyo sina deni na mtu. Wanaume ninaowinda nao wanavuta 60 na 70, na hawachoki kulitaja hilo.

Jioni ile ilikuwa Oktoba. Kulungu jike wa mkia mweupe alitokea upande wa shamba la mahindi, akasimama yadi 18, ubavu wote nje. Nilipumua, nikaachia. Sikusikia ule mlio wa mshale kupita, nilisikia "pwaa," kama mtu amepiga gunia. Mshale uliingia kama urefu wa kidole ukagoma. Alikimbia nao ukining'inia. Mimi na shemeji tulifuata matone kwa tochi mpaka saa sita usiku, matone yakawa machache, yakaisha. Kesho yake tulizunguka kinamasi chote tukaokota mshale umevunjika, bawa moja limepinda na la pili halikufunguka kabisa. Kulungu hatukumwona tena. Shemeji hakusema neno njia nzima, na afadhali angenitukana. Nilipokwenda dukani kueleza, kijana aliniambia nianze kunyanyua vyuma.

Hilo la vyuma bado linaniuma. Niliulenga vizuri ule mshale.

Majira ya baridi nikawa namfikiria babu. Kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, babu aliwinda kwa upinde kama wazee wengi wa Ukambani, na vigumba vyake vilikuwa vidogo, havifiki upana wa kidole gumba. Vilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti. Kazi ya kigumba ilikuwa kuipeleka sumu ndani, moyo ukasimamishwa na sumu yenyewe. Hapa Minnesota sumu ni kosa la jinai. Mnyama anakufa kwa kukatwa: mapafu yatobolewe pande zote mbili, damu itoke upesi, aanguke ndani ya dakika moja. Maana yake kigumba lazima kifike ng'ambo, na ili kifike ng'ambo kisiwe na matumizi mengine ya nguvu njiani.

Hapo ndipo wenye pinde nyepesi tunapoumia. Kigumba cha kufunguka kinakula nguvu mara mbili, kwanza kutanua mabawa, kisha kuburuta ule upana wote kwenye ngozi na mbavu. Mwenye pauni 70 ana za kumwaga. Mimi sina. Kijana alikuwa akiniambia nipasue ukuta kwa koleo badala ya patasi.

Sasa natumia kigumba kisichofunguka, cha makali mawili, ambacho ncha yenyewe ni kali na inaanza kukata pale pale inapogusa. Epuka vile vyenye ncha butu ya pembe tatu mbele ya nyembe. Vinatoboa kwanza ndipo vikate, na kutoboa kuna gharama. Upana wangu ni inchi moja na kidogo. Sheria ya Minnesota inataka angalau 7/8 ya inchi, kwa hiyo usishuke chini ya hapo. Kama unapenda vile vyenye nyembe mbili ndogo za ziada katikati, sawa, mimi nilizitoa. Daktari Ed Ashby, Mmarekani aliyepiga wanyama wengi Afrika Kusini akipima mishale inavyopenya, anapendelea kigumba chembamba ambacho urefu ni mara tatu ya upana. Huhitaji kusoma yote aliyoandika. Mwili wa kabari unaujua hata wewe uliyepasua kuni.

Halafu mshale wenyewe. Wangu wa zamani ulikuwa na uzito wa greini 340 (greini ni kipimo kidogo cha uzito, 7,000 ni pauni moja) na kasi ya futi 215 kwa sekunde. Niliweka kigumba cha greini 150 badala ya 100 na mti mzito zaidi, nikafika greini 460, kasi ikashuka hadi 186. Ukizidisha uzito kwa kasi, kisha kwa kasi ile ile tena, na kugawa kwa 450,240, unapata nguvu ya mshale kwa futi-pauni: kama 35 kwa mishale yote miwili. Nguvu haijabadilika! Lakini lori lililojaa mchanga halisimami kama pikipiki. Mshale mzito unaendelea kusukuma baada ya kugusa ubavu. Gharama yake ni kwamba unashuka haraka, kwa hiyo nilijiwekea mpaka: yadi 20, zaidi ya hapo namwacha apite.

Na unoe. Nasema unoe! Vigumba vipya kutoka kwenye kasha vingi havinyoi hata nywele za mkono. Mimi nakaa mezani na tupa, kisha jiwe, kisha mkanda wa ngozi, mpaka mume wangu analalamika. Pia kigumba kisichofunguka kinaufichua upinde usiokaa sawa, kinapinda hewani kama karatasi. Piga mshale kupitia karatasi iliyotandazwa uone tundu lake. Likichanika pembeni, rekebisha kabla ya kumlaumu mtengenezaji.

Wiki mbili zilizopita, dungu lile lile. Dume, yadi 15, amegeuka kidogo kunionyesha mgongo, pembe nzuri kwetu kwa sababu mshale unaingia nyuma ya mbavu na kuelekea bega la mbali, bila kukutana na kombe la mkono. Niliachia. Nilidhani nimekosa, maana mshale ulikuwa umesimama ardhini upande wa pili, mwekundu mpaka kwenye manyoya. Alikimbia hatua sitini, akayumba, akaanguka nikimtazama. Shemeji alipofika aliutazama mshale kwa muda mrefu, akaniuliza nilinunua wapi kile kigumba. Yeye anavuta pauni 65.

Niwaambie kina dada, na kina baba wenye mabega kama yangu: acheni kuona haya. Nimeona watu wameongeza pauni mpaka wanaelekeza upinde mbinguni ili uvutike, na kulungu amewaona amekwenda zake. Yule mnyama hajali unajisifu pauni ngapi. Ukimpiga nusu nusu, atateseka yeye, wewe utakula chipsi.

Dada wa Wisconsin, rudisha hivyo vya inchi mbili kama kasha halijafunguliwa. Pauni 38 zinatosha kwa kulungu wa yadi 15. Nitumie urefu unaovuta na uzito wa mshale wako wote, pamoja na kigumba, tuhesabu kabla hujapanda dungu. Na usimwambie mumeo kwamba upinde aliokununulia hauna tatizo lolote mpaka akunulie kinoo.