Maswali ya Wasomaji: Dubu Weupe, Lenzi na Baridi

Swali: Naongoza watalii Serengeti na Tarangire, na picha napiga mwenyewe. Sasa nataka dubu wa barafu. Nimepewa bei mbili zinazokaribiana: Churchill, Kanada, mwezi wa kumi, au meli ya Svalbard, Norwei, mwezi wa saba. Lenzi yangu kubwa ni ya milimita 100-400. Niende wapi? *(Arusha)*

Jibu: Kwa lenzi hiyo nenda Churchill. Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya Svalbard inakutaka ukae umbali wa mita 300 au zaidi kutoka kwa dubu. Kati ya 1 Machi na 30 Juni ni mita 500. Sasa piga hesabu. Kwa mita 300, lenzi ya 400 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha upana wa milimita 36) huchukua upana wa mita 27. Dubu wa mita mbili na nusu aliyesimama ubavu hafiki hata sehemu moja ya kumi ya picha. Utarudi na picha nzuri ya barafu ambayo ndani yake kuna dubu. Churchill unakaa ndani ya gari kubwa la watalii, dereva huzima injini na dubu mwenyewe ndiye anayesogea, pengine mpaka chini ya dirisha. Akiwa mita 30 tu ameshajaza fremu yako.

Ila tarehe uliyopewa ichunguze. Dubu wa pale hushuka nchi kavu barafu ya Ghuba ya Hudson inapoyeyuka, kama Julai, kisha hukaa miezi karibu bila kula wakingoja bahari igande ili warudi kuwinda sili. Hukusanyika karibu na Churchill kwa sababu barafu hutangulia hapo. Maji ya mto unaoingia ghubani hayana chumvi: huelea juu ya maji ya chumvi na huganda kwenye nyuzi 0, wakati ya bahari hungoja hadi karibu -1.8. Ukienda mwanzoni mwa Oktoba, huenda ukampata dubu kwenye matope na vichaka vya kahawia. Theluji ya kuaminika zaidi ni kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba, lakini ukichelewa, barafu ikishika dubu wanaondoka ndani ya siku chache. Sisi tungechagua wiki ya kwanza ya Novemba, na siku tatu za gari, si moja. Upepo ukichafuka siku nzima inapotea.

Barabara ya kufika hakuna. Kutoka Winnipeg kuna ndege, au treni ya kilomita 1,700 hivi inayotembea siku mbili. Reli imepita juu ya udongo ulioganda unaopanda na kushuka, kwa hiyo treni huenda polepole na kuchelewa ni kawaida. Panda treni wakati wa kwenda ukipenda. Kurudi panda ndege, na ulale usiku mmoja Winnipeg kabla ya safari ya kimataifa. Viza ya Kanada inahitaji alama za vidole, basi anza miezi mingi kabla. Na usikubali tiketi inayopitia Marekani kama huna viza yao: hata kubadilisha ndege tu wanaidai.

Swali: Nilikwenda Churchill Novemba iliyopita. Picha nilizopiga kupitia dirisha lililo wazi zote hazina ukali, kama nimepiga nyuma ya moshi. Nilipoingia hotelini lenzi ikalowa hadi ndani. Fundi anasema lenzi ni nzima. *(Toronto)*

Jibu: Fundi yuko sahihi. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza: gari lina hita. Ukifungua dirisha, hewa ya moto inatoka na kukutana na ya nyuzi -20 mbele kabisa ya lenzi, na picha inacheza kama lami ya Dodoma saa saba mchana. Kuongeza kasi ya shata hakusaidii. Toka kwenye baraza la nyuma ya gari, acha lenzi ipoe dakika kumi na tano au zaidi, ndipo upige. Kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua, nayo hufuga hewa ya moto ndani yake. Kama lenzi haijapoa, vua hiyo kofia.

La pili unalijua tangu Dar: kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi, nje inavaa ukungu. Huko ni kinyume, chumba ndicho chenye joto na unyevu. Ukiwa bado nje, toa kadi na betri uziweke mfukoni, kisha funga kamera kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, toa hewa yote, uweke ndani ya begi. Chumbani acha begi limefungwa saa mbili au tatu. Wanaoharibikiwa ni wale wanaochungulia picha baada ya dakika tano.

Swali: Theluji yangu inatoka ya kijivu na betri inakufa baada ya picha chache. *(Nairobi)*

Jibu: Kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu, kwa hiyo hukitia giza cheupe. Kwenye fidia ya mwangaza (alama ya +/-) ongeza +1 hadi +1.7 kukiwa na mawingu. Jua likimpiga dubu anza na +0.7, utazame histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) isigonge ukuta wa kulia. Manyoya yake yana umanjano kidogo. Ukiona yamekuwa meupe sawa na theluji, yameungua, yaani mwanga umezidi.

Betri haijafa, imezizima. Beba tatu, mbili zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, uzibadilishe kwa zamu. Ile iliyosoma sifuri ikipata joto hufufuka. Kwenye ndege zote ziende na wewe juu, si kwenye mzigo wa chini.

Glavu vaa mbili: nyembamba ya kubonyezea vitufe, na juu yake ile nene isiyotenganisha vidole. Tripodi iache nyumbani. Gari hutikisika kila abiria anapohama dirisha, na mfuko wa mchele chini ya lenzi unafaa zaidi. Usafirishe mtupu, mchele utaununua Winnipeg.