Usitie hao samaki! Jibu kwa mwenye bwawa la Donholm, Nairobi

Simamisha hiyo oda ya tilapia kwanza, mengine utasoma baadaye.

Umeandika kwamba umechimba bwawa la mita 3 kwa 2 nyuma ya nyumba, unataka kukaa jioni ukiwatazama vyura, na muuzaji amekwambia ununue tilapia 30, la sivyo utafuga mbu. Nakusihi, bwawa la vyura halitiwi samaki. Hata mmoja. Hata yule mdogo wa urembo mwenye mkia wa rangi.

Mvua za Machi zikianza, wa kwanza kufika ni chura mwenye vipele, yule mkubwa wa hudhurungi anayekoroma mitaroni. Hutaga kwa nyuzi ndefu za ute anazozizungusha kwenye majani chini ya maji. Chutama na tochi uangalie: vitone vyeusi vimejipanga ndani ya ute kama shanga. Mayai hayo yana sumu kidogo, na viluwiluwi wake pia, ndiyo maana samaki wengi huwadonoa kisha wakawatema. Hapo ndipo watu hudanganyika. Utasikia, "Mbona kwetu kuna samaki na vyura wanalia?" Wanalia, lakini sikiliza vizuri: ni sauti ya aina moja tu. Chura wa matete, yule wa sentimita 3 hivi anayepanda kwenye jani na kutunisha koo hadi likakaribia kumshinda mwenyewe kwa ukubwa, hana kinga hiyo. Mayai yake huliwa, viluwiluwi wake humezwa wazima, na msimu wa pili au wa tatu humsikii tena.

Na si vyura tu. Samaki hao hao hula watoto wa kerengende wanaokaa majini, na wale wadudu wanaoogelea chali. Hao ndio walaji wa viluwiluwi wa mbu! Yaani umewaondoa askari uliowapata bure, ukawaweka wa kulipia.

Ninachokasirikia ni biashara yenyewe inavyokwenda. Muuzaji atakuuzia samaki. Samaki wanataka chakula, atakuuzia chakula. Kinyesi na mabaki ya chakula hurutubisha maji, maji yanakuwa kijani kibichi, atakuuzia pampu na chujio. Pampu inavuta viluwiluwi wa chura na kuwasaga kwenye panga zake. Kijani kisipoisha, atakuletea dawa ya kuua mwani, na nyingi kati ya hizo zina shaba, ambayo ni sumu kali kwa viluwiluwi na konokono. Kila hatua amekupa "suluhisho", na kila suluhisho limetokana na samaki wake. Mtu anayejua kazi hii na bado anamwambia mteja wa vyura anunue tilapia, huyo hamtakii mema.

Kuwatoa samaki ndiko kunakokula pesa na muda, kwa hiyo sikiliza. Jike la tilapia hulea mayai na vifaranga mdomoni. Ukimvua leo, huenda ametema vifaranga ndani ya wavu, wakapenya matundu, na bwawa limejaa upya. Wale samaki wadogo wa urembo wanaozaa watoto hai badala ya kutaga mayai ni wabaya zaidi: jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, hivyo jike mmoja aliyebaki peke yake anatosha kuanza ukoo. Kambare naye anapumua hewa. Utakausha maji, yeye ajifiche kwenye tope, na usiku wenye unyevu anaweza kujikokota juu ya nyasi. Kwa hiyo wavu hautoshi. Ni kukausha bwawa lote.

Aliyekwisha kuwatia afanye hivi: asubiri Januari na Februari, au Agosti na Septemba, wakati viluwiluwi ni wachache. Achote maji kwa ndoo akiyapitisha kwenye neti ya chandarua, na viluwiluwi wanaopatikana awahamishie kwenye beseni kubwa kivulini lenye maji ya bwawa lile lile. Maji asiyamwage mtaroni wala mtoni; ayamwagie shamba, ili kifaranga kisifike Mto Ngong. Tope alipekue kwa mkono mpaka pembeni. Kisha aliache bwawa wazi juani wiki mbili, likauke hata mikunjo ya plastiki. Sehemu moja ikibaki na maji ya kifundo cha mguu, kazi yote imekwenda bure.

Sasa mbu, maana hofu hiyo ni ya kweli. Bwawa jipya huwa halina walaji kwa wiki za mwanzo, na hapo mbu hupata mwanya. Tumia Bti, dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi wa mbu na kuwaacha wa chura salama. Angalia herufi ya i mwishoni. Duka la pembejeo likikupa Bt ya viwavi vya sukuma wiki, hiyo ni aina nyingine na mbu haiwagusi. Mafuta taa usithubutu, yatafunika maji na kuua kila kinachopumulia juu. Kerengende wakishaanza kutaga, acha dawa. Halafu zunguka nyumba: visahani vya maua, mifereji ya paa iliyoziba, tairi, ndoo. Mbu wako wengi wanatoka huko, wala si bwawani.

Kuhusu bwawa lenyewe, udongo wa upande wenu ni ule mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, kwa hiyo saruji itakutoa jasho. Tandika plastiki nyeusi ya mabwawa, unene wa milimita 0.75 au zaidi, juu ya mchanga laini au magunia. Kina cha sentimita 60 katikati kinatosha. Upande mmoja uteremke taratibu, kila sentimita 10 za kina zichukue angalau 30 za urefu, la sivyo vyura wachanga na kalunguyeye watazama. Kama kuna watoto, funika na wavu wa chuma. Jaza maji ya mvua. Ya bomba yaache wazi siku mbili kwanza, klorini ipungue, na ukiongezea usizidishe robo ya bwawa kwa mara moja.

Vyura usiwalete kutoka mtoni, kuna kuvu wa ngozi anayesafiri nao. Watakuja wenyewe.

Na kama hao tilapia umeshawalipia na pesa hazirudi, waweke kwenye tangi la peke yake, lenye kuta wima na wavu juu, mbali na bwawa kiasi kwamba likifurika maji yasikutane. Ndoo na wavu wa tangi hilo visiguse bwawa kamwe. Kifaranga kimoja kwenye tone la maji kinatosha.