Shangazi, kanisani kwetu sasa hata msibani kuna sufuria mbili

"Shangazi shikamoo, Bwana Yesu asifiwe. Naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi huku milimani Kilimanjaro na tunasali KKKT, kanisa la Kilutheri. Mtaa wetu wa chini, yaani tawi la usharika, unataka uwe usharika kamili, wa juu hawataki, wanasema tukiondoka tunaondoka na sadaka. Mume wangu ni mzee wa kanisa na ndo yuko mbele upande wa kujitenga, mimi naimba kwaya kuu huko juu tangu sijaolewa. Rafiki yangu wa damu, ndiye aliyemsimamia mwanangu wa kwanza ubatizo, yuko upande wa juu na mwezi wa tatu huu hatusalimiani, ni maneno ya grupu la wasap tu. Kuna hela za mabati walichanga wale wa Dar walipopanda Desemba, kila upande unasema ni zake. Juzi kwenye msiba akina mama wa juu wamepika kwao, wa chini kwao. Nimechoka, nafikiria nihamie kanisa la kiroho pale stendi. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, Amina.

Barua yako nimeisoma mara mbili na kilichonikaa kooni siyo usharika wala mabati, ni hizo sufuria. Maana huko milimani nakujua, watu wanaweza wakashtakiana mpaka mahakamani kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, mwaka wa tano hawapitiani uani, lakini siku ya msiba huyu anashika mwiko yule anamenya ndizi, wakimaliza kuosha vyombo kila mtu na ugomvi wake. Sasa nyie mmefika mahali marehemu ana wapishi wa vyama viwili. Hapo ndo naogopa.

Kwanza nikutoe wasiwasi, mtaa kutaka kuwa usharika siyo dhambi na siyo uasi. Sharika ngapi leo zina kengele na nyumba ya mchungaji na zilianza kama kamtaa ka watu ishirini wanasalia darasani? Kama mabibi wa chini wanapanda mlima kwa mguu masika yote na wengine wameacha hata kuja, hoja ya mumeo ina miguu. Hata Paulo na Barnaba walishindana juu ya Marko mpaka wakaachana njia, mmoja akapanda meli kwenda Kipro mwingine akaenda Shamu, injili haikufa, na uzeeni huyohuyo Paulo anaandika aletewe Marko maana anamfaa. Kwa hiyo kutengana kupo, ila mtatenganaje.

Muulize mumeo kama anakumbuka Meru kule Arusha mwanzoni mwa miaka ya 90, si mbali na kwenu. Ilianza hivihivi, wengine wanataka dayosisi yao, wengine wanataka kubaki Dayosisi ya Kaskazini, ikafika watu wa kanisa moja, tena wa ukoo mmoja, wanachomeana nyumba na wapo waliokufa. Leo Dayosisi ya Meru ipo, ya Kaskazini ipo, zote ziko ndani ya KKKT hiyohiyo iliyoundwa 1963 na makanisa saba yaliyokubali kuwa moja. Yaani kilichogombaniwa kikaja kupatikana kikaoni, ila waliozikwa wamezikwa. Sikuambii hivi kukutisha, nakuambia kwa sababu hakuna aliyeanza na kiberiti, walianza na maneno kama hayo yenu ya grupu.

Sasa hela. Mimi nimekaa kwenye kamati za kanisa miaka mingi na nakuambia ukweli, ugomvi mwingi unaovaa joho la imani ukiufunua ndani unakuta daftari la michango ambalo halijasomwa. Wale wa Dar walipochanga Desemba mtu alisimama akatangaza mabati ni ya wapi, ya kanisa la juu au ya mtaa? Kama alitangaza, basi isomwe alichotangaza. Kama hakuna anayekumbuka, wapigiwe simu waliotoa waulizwe, hela ni zao walizitolea jasho, mbona hilo hakuna aliyelifikiria? Soma Matendo sura ya 6, wajane wa upande wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa chakula wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia nyamazeni mnavunja umoja (hapo ndo wachungaji wetu wengine wanakosea, mtu akiuliza hela anaombewa atokwe na roho ya upinzani). Waliwaambia waumini wachague watu saba wasimamie, na ukiyaangalia majina yale saba, Stefano, Filipo, Prokoro mpaka Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Kwa maneno mengine waliolalamika ndo walikabidhiwa ufunguo wa stoo. Basi na nyie mkamwombe mchungaji wawekwe watu wawili wa chini na wawili wa juu wahesabu hizo hela pamoja, karatasi ibandikwe ubaoni, ndo mrudi kubishana mambo ya mipaka mkiwa hamna wasiwasi wa kuibiana. Uamuzi wenyewe wa mtaa utapitia vikao vya usharika na jimbo mpaka dayosisi, hautapatikana kwenye simu saa sita za usiku.

Kuhusu rafiki yako, hapa ndo kazi yako ilipo na usimwachie mchungaji. Hujaniambia ni nani alianza na sitaki kujua. Mathayo 18 inasema ndugu yako akikukosa nenda kwake, wewe na yeye peke yenu, na mimi naongezea usitume voisi noti. Nenda na mtoto, maana yule ni mama yake wa ubatizo, ile siku alisimama mbele ya madhabahu akaahidi kumlea kiimani, hakuahidi kwa niaba ya mtaa wa juu. Usibebe skrinishoti kwenye simu za kumwonyesha "si uliandika hivi," ukizibeba umeenda kesi, hujaenda kusalimia. Kama uliandika neno la hovyo, na nahisi uliandika, liombee radhi hilohilo moja kwa kulitaja, siyo ile ya "kama nilikukwaza." Euodia na Sintike kule Filipi walikuwa wanawake waliopigania injili bega kwa bega na Paulo na bado walikorofishana, mpaka majina yao yakaandikwa kwenye barua ikasomwa mbele ya kanisa zima, aibu gani hiyo, nyie yamalizeni jikoni.

Mumeo usimwambie aache msimamo wake, hatakusikia na pengine yuko sahihi. Mwambie mbili tu, asikutumie wewe kupeleka wala kuleta maneno ya kwaya, na asiandike kitu kwenye grupu ambacho hawezi kukisema mnadani baada ya ibada, pale sadaka za vitu zinaponadiwa, kuku ameshikwa mkononi na watu wote wanamtazama. Wewe endelea kuimba huko juu, usiache sauti yako mpaka siku mtaa umekuwa usharika kwa barua ya dayosisi, ndo uage kwa heshima, uombewe, ushuke.

La kuhamia stendi sikukatazi, watu wa pale nao wanamwabudu Mungu. Ila ukihama leo unahama na kinyongo, na huko nako kuna kwaya, kuna mweka hazina, na grupu la wasap lipo.

Msiba mwingine ukitokea, na milimani haukosi, usisubiri kamati. Wewe na rafiki yako mfike asubuhi mapema na mwiko wenu, muinjike sufuria moja kubwa, atakayekuja amenuna mpeni kisu amenye ndizi.